Napenda gemu zenye hadithi, mbona hizi "kavu" ndizo zinaninyima usingizi?

#1 Panzi wa Sinza
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa gemu za mezani zenye hadithi. Nikikaa mezani nataka kujua mimi ni nani, niko wapi na ninakimbizana na nini. Pandemic naijua kama njia ya kwetu: mnazunguka mji kwa mji kuzuia magonjwa manne yasienee duniani, na mkishindwa mmeshindwa wote. Catan nimeicheza mpaka kadi zimelegea. Gemu ambayo ni vipande tu, haina mtu wala kisa, mimi naiita gemu kavu. Chesi nilifundishwa sekondari nikaiacha. Drafti pale kijiweni kwetu naipita kila siku bila hata kugeuza shingo.

Mwezi uliopita kaka yangu amerudi kutoka Uingereza, kaja na Hive. Haina ubao, haina kadi, haina hata karatasi ya kuandikia pointi. Kila mchezaji ana vigae 11 vya pembe sita vyenye picha za wadudu: malkia wa nyuki mmoja, buibui wawili, dundu wawili, panzi watatu, siafu watatu. Ukimzingira malkia wa mwenzio pande zote sita, umeshinda. Kanuni zenyewe unaeleza chai haijapoa.

Nimeicheza kila siku kwa wiki tatu. Juzi nimeshtuka saa tisa usiku nawaza kwa nini nilimwachia yule siafu wake upenyo. Catan haijawahi kuniamsha.

Naomba mnieleze hiki ni nini. Kuna mwingine yamemkuta?

#2 Kete Kumi
Umekosea kuanzia kichwa cha uzi. Hive siyo kavu. Panzi anaruka juu ya wenzake kwa mstari, dundu anapanda migongoni, buibui anatembea hatua tatu kamili, haongezi wala hapunguzi. Mdudu mwenyewe ndiye anayekufundisha kanuni. Ondoa picha weka namba 1 hadi 5, uone kama utaamka saa tisa.

Halafu hao ni sisimizi mkuu. Siafu hawatembei mmoja mmoja.

#3 Mtoto wa Magomeni
Sisimizi, siafu, tusigombane kwa wadudu. Mimi naunga mkono #2 ila naongeza: hata mchezo usio na picha una hadithi kama una majina. Chukua bao. Mashimo na mbegu, hakuna kingine. Lakini msikilize mtu anayecheza: nyumba yangu imekwenda safari, kete imelala, nimeingia mtaji, huna kichwa. Hayo maneno ni maisha ya mtu kabisa. Babu yangu akicheza ungedhani anasimulia habari za ukoo.

Kila mmoja anaanza na kete mbili mbili kwenye mashimo yake 16, na baada ya dakika kumi mmoja ni tajiri na mwingine anaomba chumvi. Hiyo siyo hadithi?

#4 Binti Upanga
Nakazia #3. Na nimejifunza "kuomba chumvi" leo, nitaitumia ofisini.

#5 Fundi Komwe
Kijana wa Magomeni, hoja yako ni nzuri ila umechanganya mabao mawili. Kete mbili mbili kila shimo ni bao la kujifunza, hilo tunawaanzishia watoto. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za nane nane, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 tu ubaoni: sita ndani ya nyumba (lile shimo la mraba), mbili na mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia wa nyumba. Kete 22 zinabaki mkononi, unaziingiza moja moja. Huko ndiko kunamua. Zikikwisha mkononi ndipo mnaingia mtaji, kila mtu anaishi kwa kilichoko ubaoni mwake.

Sasa nimjibu mwenye uzi. Nimecheza bao zaidi ya miaka arobaini, nimekaa vijiwe vya Magomeni, Mwananyamala na Buguruni. Watu mnatafuta hadithi kwenye picha na kwenye majina. Mimi naiona kwenye kula.

Katika chesi na drafti kilicholiwa kinawekwa pembeni, kimekufa. Katika bao hakuna kinachokufa. Kete ninazokula kwako nazileta kwangu, naanzia kichwani (shimo la mwisho wa safu ya mbele), nazisambaza shimo kwa shimo, na pengine ya mwisho inaangukia mahali nakula tena. Kete 64 zinabaki 64 kutoka mwanzo hadi tamati. Ile niliyokuwa najivunia asubuhi ndiyo inayonimaliza jioni ikiwa upande wa pili. Mtu aliyefilisika anaweza kusimama kwa kula mara moja tu, na aliyejaa anaweza kukosa kete hata moja safu ya mbele. Hapo tunasema hamna, na bao limekwisha.

Huo mzunguko ndio unaomnyima mtu usingizi. Ungeyafuta majina yote, ukaita shimo A na shimo B, bado ungeamka saa tisa.

#6 Mtoto wa Magomeni
Shikamoo mzee. Nimekubali sahihisho la kete. La majina sijakubali.

#7 Fundi Komwe
Marahaba. Usikubali upesi, cheza kwanza.

#8 Zombi Mbezi
Niwe mkweli, naona mnaipamba sana. Mimi nacheza gemu zenye hadithi nzito, za kukimbia maiti zinazotembea, za kuchunguza majumba ya kale, saa nne mfululizo tena kwa raha. Hadithi siyo pambo, inabeba kanuni. Nikimfundisha mtu Pandemic sihitaji kumweleza sana kwa nini ugonjwa ukizidi vipande vitatu mjini unafurika miji jirani. Anaelewa, ndivyo magonjwa yalivyo. Kwenye gemu kavu kila kanuni inabidi uimeze hivyo hivyo. Kwa nini kipande hiki kinaenda mshazari? Basi tu, kimesemwa.

Panzi, kwa maoni yangu hukukamatwa na Hive. Umekamatwa na kaka yako. Amekaa nje muda gani?

#9 Panzi wa Sinza
Zombi umenigusa pabaya. Kaka amekaa miaka sita. Tulikuwa tunaongea kwa simu tu, dakika chache, mambo ya nyumbani. Sasa tunakaa barazani saa nzima hatusemi neno, tunasukuma wadudu, na najisikia nimeongea naye kuliko miaka yote sita. Kwa hiyo huenda una ukweli.

Lakini jana kaka alikuwa safarini, nikacheza na jirani ambaye hata simpendi sana. Ikanikamata vile vile.

#10 Cherehani ya Kariakoo
Habarini. Mimi ni fundi nguo, niko Kariakoo, nimekata vitambaa miaka 14. Sijui mambo ya kavu na mbichi, nitasema langu.

Mteja wangu mmoja aliniletea gemu inaitwa Patchwork, akaniambia dada hii ni yako. Mnacheza wawili. Kila mmoja ana kibao cha miraba tisa kwa tisa, mnanunua viraka vya maumbo mbalimbali, mnavipanga vikae bila kuacha matundu. Pesa yenu ni vifungo. Mwishoni kila mraba ulioachwa wazi unakukata pointi mbili.

Yule mteja, na ni mpenzi wa hizi gemu, aliniambia watu wengi wanasema hadithi yake ni nyembamba, kwamba viraka ni kisingizio tu, kwa kweli ni fumbo la maumbo. Mimi nilimshangaa. Nimekaa na mabaki ya kitenge usiku nikitafuta kipande gani kikae wapi ili nisitupe hata kiganja. Nimewahi kununua kitambaa cha umbo baya kwa sababu tu kilikuwa rahisi siku hiyo, halafu nikakijutia. Gemu hiyo ni kazi yangu mwanzo hadi mwisho. Naiona mikono yangu humo.

Kwa hiyo mtu akisema hakuna hadithi, namuuliza hakuna kwa nani?

#11 Kete Kumi
Dada umetisha. Hii ndiyo posti ya uzi.

#12 Binti Upanga
#10 asante sana. Hilo swali la "kwa nani" halijajibiwa hapa na nadhani halitajibiwa.

#13 Kingi wa Temeke
Wote mnazungumzia vipande. Njooni kijiweni muone kinachokamata. Drafti yetu ni ubao wa mbao umepakwa rangi, kete zake vizibo vya soda, upande mmoja vimegeuzwa juu na upande mmoja chini. Wanaocheza ni wawili. Wanaotazama ni kumi na watano na kila mmoja ni kocha. "Mpe ale!" "Usimpe, ana tatu nyuma!" Ukifungwa wanakuimba mpaka unafika kituo cha daladala. Kila mechi ina mwizi, ina shujaa, ina mtu aliyesalitiwa. Hadithi wanaileta watu, gemu inaleta sababu tu ya kukusanyika.

Mimi nimejaribu kucheza drafti ya simu na kompyuta. Kanuni zile zile, hainogi hata kidogo. Na nasikia drafti kompyuta imeshaimaliza, hakuna tena siri.

#14 Hesabu za Ubungo
#13 nikusahihishe kwa upendo. Iliyomalizwa ni ile drafti ya Waingereza na Wamarekani, ubao wa miraba 64, ambapo kingi anakwenda hatua moja moja. Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza mwaka 2007 kwamba wote wawili wakicheza bila kosa, ni sare. Drafti yetu ya uswahilini kingi anatembea mbali atakavyo kwenye mshazari. Huo ni mchezo mwingine, hesabu zake nyingine. Kijiwe chako kiko salama.

Na hata kama ingemalizwa, nani kati yetu anacheza bila kosa?

#15 Kingi wa Temeke
Nimefurahi kuliko unavyofikiri. Kesho nawatangazia.

#16 Mama Ilala
Mimi nina maelezo ambayo hayajasemwa, nayo ni lugha.

Nyumbani kwangu tuko watu saba kutoka vizazi vitatu. Gemu za hadithi ninazozipata hapa mjini kadi zake zimejaa Kiingereza. Mwanangu wa miaka tisa anasoma nusu nusu, mama yangu hasomi kabisa Kiingereza. Kila kadi lazima mimi nitafsiri, na nikishatafsiri kadi yako ya siri, siri iko wapi? Nimegeuka mkalimani, sichezi. Mama alikuwa anainuka anasema endeleeni wanangu, anakwenda jikoni.

Nikaletewa Qwirkle. Vigae 108 vya mbao, rangi sita, maumbo sita, kila umbo lina vigae vitatu kwa kila rangi. Unapanga mstari wa rangi moja maumbo tofauti, au umbo moja rangi tofauti. Hakuna neno hata moja kwenye kigae. Mama alitazama raundi moja akavuta kiti. Wiki ya pili alikuwa anatufunga, na akawa anahesabu kwa sauti zile rangi zilizokwisha toka. Tangu baba afariki sikuwa nimemwona mama amekaa mezani na wajukuu mpaka saa nne usiku.

Kwa mtu aliyezaliwa na lugha ya kadi huenda gemu ya namna hii ni kavu. Kwetu ndiyo iliyotufungulia mlango.

#17 Panzi wa Sinza
Mama Ilala, shikamoo na asante. Hili sikuliwaza kabisa, na mimi ndiye huwa natafsiri kadi za Pandemic kwa wageni.

#18 Zombi Mbezi
Mama shikamoo. Hapo sina ubishi, ila naona umeeleza kwa nini gemu isiyo na maneno *inawezekana*, siyo kwa nini inamkamata mtu kama Panzi ambaye Kiingereza anasoma.

Nirudi kwenye hoja yangu na ushahidi. Santorini. Ubao wa tano kwa tano, una wajenzi wawili, kila zamu unamsogeza mmoja halafu unajenga ghorofa. Wa kwanza kupanda ghorofa ya tatu ameshinda. Mtunzi wake Gordon Hamilton aliitoa mwaka 2004, na ni wachache waliokuwa wanaijua. Mwaka 2016 kampuni ya Roxley wakaitoa upya na vijumba vyeupe vya Ugiriki na kadi za miungu, kila mungu ana uwezo wake. Ndipo dunia ikaijua. Kanuni za msingi zile zile! Kilichoongezeka ni nini kama siyo hadithi?

#19 Hesabu za Ubungo
Kilichoongezeka ni kutolingana. Kadi ya mungu inakupa uwezo ambao mimi sina. Mmoja anasogea mara mbili, mwingine anajenga mara mbili. Ziite kadi hizo "Embe" na "Papai", bado mchezo umebadilika, kila mechi ni mpya. Wewe mpenda hadithi umezoea kila mhusika kuwa na kipaji chake, hicho ndicho unachokiona pale ukadhani ni hadithi.

Gemu ya Onitama ni vile vile. Kadi 16 zenye majina ya wanyama, kila mechi zinatumika tano tu, na kadi ukishaitumia inapita kwa mwenzio. Nani anajali kwamba ni chui milia au kaa? Kinachouma ni kumpa adui silaha uliyoitumia sasa hivi.

#20 Zombi Mbezi
Umesema "silaha" na "adui" mwenyewe. Hadithi hiyo imekuponyoka mdomoni.

#21 Hesabu za Ubungo
😂 Haya, hiyo nimekula ya uso.

#22 Jiwe Jeusi
Nimeusoma uzi wote nikiwa kwenye foleni Kijitonyama, nimefika nyumbani bado nimekaa garini nasoma.

Mimi nacheza Go kwenye simu, mwaka wa nne huu. Ubao wa mistari 19 kwa 19, mawe meusi na meupe, jiwe likishawekwa halihami mpaka liliwe. Kabla yake nilikuwa mtu wa gemu za vita zenye wanasesere na ramani. Ukitazama Go mara ya kwanza hakuna kitu kikavu kuliko hicho.

Lakini jiwe, au kundi la mawe, linaishi kwa nafasi tupu zilizo jirani yake, na Wachina nafasi hizo wanaziita pumzi. Kundi likikosa pumzi, limekufa. Siku nilipoambiwa hilo neno, ubao wote ulibadilika. Nikawa naona watu wamezingirwa, wanatafuta hewa. Kwa hiyo nipo na Mtoto wa Magomeni kwenye majina. Ila nipo pia na Fundi Komwe, maana baada ya mwaka mmoja neno lilipotea kichwani na mbano wa kifua ukabaki. Siwezi kuwapatanisha.

Machi 2016, programu ya AlphaGo ilipomfunga bingwa wa Go, Lee Sedol, michezo minne kwa mmoja, nilikuwa sijui hata kanuni, lakini nilifuatilia kwa sababu watu walikuwa wanaisimulia kama msiba. Kwa ajili ya mawe.

#23 Mtoto wa Magomeni
Pumzi! Mnaona sasa? Mnaona?

#24 Fundi Komwe
Nimeona. Ila huyo kijana amesema neno lilipotea, mbano ukabaki. Soma mpaka mwisho.

#25 Cherehani ya Kariakoo
Na mikono je? Hakuna aliyesema mikono. Vifungo vya Patchwork nikivishika sivirudishi haraka. Mzee Komwe, zile mbegu za mkomwe zinavyogongana kwenye mti, ule mlio peke yake unaita watu. Nilikuwa nausikia kwa jirani nikiwa mtoto, sijui hata kanuni moja, natamani niwe pale.

#26 Panzi wa Sinza
Dada umenikumbusha. Vigae vya Hive ni vizito, tunacheza Coco Beach kwenye upepo na havitikisiki. Kadi za Catan pale zingefika Msasani.

Sasa nauliza kando kidogo: nataka bao la Kiswahili la kwangu. Napata wapi zuri?

#27 Kete Kumi
Nenda Mwenge kwa wachonga vinyago. Ila angalia, mengine yamechongwa kwa ajili ya watalii, ya kutundika ukutani. Ingiza vidole: mashimo yawe na kina, mviringo laini, uweze kuzoa kete zote kwa mkono mmoja. Na hakikisha nyumba ina umbo la mraba pande zote mbili. Nimekuta lenye nyumba upande mmoja tu.

#28 Fundi Komwe
Na usichukue lililopakwa vanishi nzito, kete zinateleza na hazilii. Mwambie akupe lililo wazi, upake mafuta mwenyewe. Komwe zenyewe usinunue za rangi mbili, wanaoweka rangi mbili hawachezi. Kete haina mwenyewe.

#29 Hesabu za Ubungo
"Kete haina mwenyewe." Mzee, hapo kwangu ndipo penye jibu la #1. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, aliandika tasnifu mwaka 1995 kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar, jinsi wanavyohesabu kete vichwani. Mtu hajengi uwezo huo kwa ajili ya pambo.

#30 Mtoto wa Magomeni
Hajengi kwa ajili ya hesabu tupu pia. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, na nchi ya kuendesha alikuwa nayo.

Mzee Komwe, acha nikuulize la kweli, maana jana lilinitesa. Niko kwenye kunamua, nimebakiwa na kete 4 mkononi. Nimekula, nikasambaza kutoka kichwa cha kulia kuelekea kushoto, kete ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba. Nyumba sasa ina 9. Shimo la mwenzangu linalotazamana nayo ni tupu. Nilale, yaani niishie hapo, au nisafiri, yaani nizisambaze kete za nyumba?

#31 Kingi wa Temeke
Safiri! Kete tisa unazilaza za nini?

#32 Hesabu za Ubungo
Subirini. Tisa kuelekea kushoto: nne zinamaliza safu ya mbele, tano zinarudi safu ya nyuma. Ya mwisho inaangukia shimo lililo nyuma ya nyumba yenyewe. Lilikuwa na kitu?

#33 Mtoto wa Magomeni
Lilikuwa tupu.

#34 Fundi Komwe
Basi ungevunja nyumba halafu ukalala nyuma yake. Mwenzio alikuwa na ngapi mkononi?

#35 Mtoto wa Magomeni
Nne pia. Na vichwa vyake vyote vilikuwa vimejaa.

#36 Panzi wa Sinza
Sijui kanuni hata nusu na moyo unanienda mbio. Ulifanyaje?